Chipu ya dawa kwenye fizi kwa sie tunaovuta sigara, uzoefu wangu

Wavutaji wenzangu mnaoulizia hizi dawa za kuchomekwa ndani ya fizi kutibu ugonjwa wa fizi, mimi nimewekewa ile ya klorheksidini (dawa ya kuua bakteria), ni kachipu ka kahawia kadogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kana miligramu 2.5 za dawa. Hakawekwi hivihivi, kwanza unakwanguliwa ugaga mpaka chini ya fizi na hiyo ndo shughuli yenyewe, ganzi ikiisha utajua hujui.

Daktari anapima kina cha mfuko, yaani ule uwazi kati ya fizi na jino, kwa kile kijichuma chembamba chenye alama, kawaida milimita 1 mpaka 3, magego yangu mawili ya juu moja lilisoma 6 jingine 7, na chipu wanaweka kwenye mifuko ya kuanzia 5. Na fizi zilikuwa hazitoki damu kabisa! Daktari, dada mmoja mpole ila habembelezi mtu, akanambia "kaka, nikotini inabana mishipa ndo maana damu huioni, huku chini mfupa unaliwa". Akakausha kwa pamba, akakashika na kibano akakachomeka fasta, maana kakilowa mate kanalainika hakaingii tena. Hakaumi, unasikia tu kama nyama imekwama. Hakatolewi, kanayeyuka kenyewe siku 7 mpaka 10, muda huo usipitishe uzi wala kijiti cha meno hapo.

Nimerudi kupimwa, la 6 limeshuka 4, la 7 limegoma, liko 6. Harufu ya mdomo imepungua, kasema wife sio mimi. Sasa kama ni chipu au ni ule mkwanguo siwezi kuapa, daktari mwenyewe anasema chipu inaongezea kidogo tu na fizi za mvutaji zinapona kwa kusuasua. Zipo pia jeli za antibiotiki, doksisaiklini na metronidazo, na Marekani wana unga wa antibiotiki nyingine, minosaiklini, unaitwa Arestin, zote ni za kuongezea baada ya kukwanguliwa.

Bei ndo kasheshe, wanahesabu kwa kila mfuko. Kwa mfuko mmoja au miwili iliyobisha ningelipa tena, mdomo mzima hapana aisee. Lile gego lililogoma wanataka kupasua fizi wasafishe ndani, ila kasema hagusi mpaka fegi ziishe, kwa sasa natafuna bigijii tu na hasira juu.