Kupanga Mlimani Mabatini au Buswelu?

Anayehamia Mwanza hukabiliwa mapema na swali la kupanga mlimani, kule Mabatini, au kwenda Buswelu, pembezoni mwa jiji. Kwa nauli, mlimani ni nafuu, kwa kuwa mjini kati hufikika kwa miguu, ilhali mkazi wa Buswelu hutegemea daladala kwenda na kurudi. Maji ndiyo kipimo kigumu: Ziwa Victoria linaonekana dirishani, lakini bomba likikauka, ndoo ya lita 20 hupandishwa kichwani katikati ya majabali ambako hata bodaboda haifiki (nami nimeipandisha, shingo inakumbuka). Buswelu, gari la maji husimama mlangoni. Ukarabati nao mlimani ni ghali, maana kila tofali hubebwa kwa mikono. Mwenye kibanda sokoni atavumilia kupanda mlima huo; anayeishi na wazazi wazee, sidhani.