Taroti za kale: seti ipi ununue, na karata nne za kuulizia kwanza

Wasomaji wameniandikia wakilalamikia jambo lile lile. Wamenunua nakala ya taroti (karata za picha za kuchezea, na leo pia za kutabiria) ya Visconti-Sforza, tangazo likisema "asili, mwaka 1450, karata 78 kamili", kisha wakaja kugundua kwamba karata ya Shetani waliyoiwekea fremu sebuleni si wa karne ya 15 hata kidogo. Wana haki ya kukasirika.

Seti hiyo ilichorwa Milano katikati ya karne ya 15, kwa ajili ya mtawala wake Francesco Sforza na mkewe Bianca Maria Visconti, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya karakana ya Bonifacio Bembo. Zimesalia karata 74. 35 ziko Morgan Library, New York, 26 ziko makumbusho ya Accademia Carrara mjini Bergamo, na 13 ni mali ya familia ya Colleoni. Zilizokosekana ni nne: Shetani, Mnara, Panga Tatu na Mpanda Farasi wa Sarafu. Shetani na Mnara hawamo hata katika seti nyingine mbili za Visconti, ile ya Chuo Kikuu cha Yale na ile ya makumbusho ya Brera. Kwa hiyo kila Shetani wa Visconti anayeuzwa leo ametoka kichwani mwa mchoraji wa zama zetu.

Unene wa karatasi na uzuri wa sanduku utaviona mwenyewe kwenye picha. Mimi kwanza natafuta karata za kujazia. Sina ugomvi na anayejaza pengo, maana taroti ilianza kama mchezo, na mchezo hauchezeki kwa karata pungufu. Lakini mchoro wa juzi unapochubuliwa rangi makusudi, ukapakwa ukungu wa kahawia, hata ukawekewa kile kitundu cha msumari kinachoonekana juu ya karata nyingi za kale, hapo mnunuzi anadanganywa. Jina la mchoraji halitajwi popote. Ukimuuliza muuzaji, anakujibu kwa picha ya sanduku!

Kabla ya kulipa, omba picha za karata zile nne. Ziweke kando ya nyingine, kisha soma kijitabu: nani kazichora, na lini? Ukikosa jibu, tafuta toleo jingine.

Kwa kipimo hicho, ya kwanza kwangu ni Sola Busca, na wala sisiti. Ilichongwa kwenye mabamba ya shaba na kupakwa rangi kwa mkono mwishoni mwa karne ya 15, nayo ndiyo seti ya zamani zaidi ya karata 78 iliyotufikia nzima. Serikali ya Italia iliinunua mwaka 2009 na sasa iko Pinacoteca di Brera, Milano. Hakuna wa kukuchomekea kitu. Badala ya Papa na Mfalme utakutana na mashujaa wa Kirumi, Nimrodi, na Nebukadneza kwenye karata ya 21. Itazame Panga Tatu yake: moyo uliochomwa na panga tatu. Picha za seti hii zilifika British Museum mwaka 1907, na miaka miwili baadaye Pamela Colman Smith akachora moyo ule ule katika taroti ya Rider, inayoitwa kwa jina la mchapishaji wake wa London. Nunua toleo la wachapishaji Lo Scarabeo wa Torino. Ndiyo, nawapendelea Lo Scarabeo na nitaendelea kuwapendelea, kwa sababu wamezipa karata za kale heshima ambayo wachapishaji wengi huwapa waganga na watabiri tu.

Ya pili ni taroti ya Jean Noblet, Paris, karibu mwaka 1650, iliyorejeshwa na fundi Mfaransa Jean-Claude Flornoy. Nakala pekee iliyosalia, iliyoko maktaba ya taifa ya Ufaransa, imepoteza Panga kuanzia Sita hadi Kumi, na Flornoy alizichora upya kwa jina lake, bila kificho. Karata ni ndogo na zinakaa vizuri mkononi. Ukizoea shupaza, kopa, pau na uru, hutapata taabu na panga, vikombe, fimbo na sarafu zake.

Visconti-Sforza naiweka ya tatu, ingawa kwa uzuri hakuna inayoifikia: mandhari ya dhahabu iliyogongwa nakshi, nyuso tulivu, karata ndefu za milimita 173 hivi. Lo Scarabeo wanayo iliyochorwa upya na Atanas Atanassov, na jina lake wameliandika. Anayetaka mikwaruzo na vitundu vyote atafute toleo la picha halisi. Na usishtuke ukiona Nyota, Mwezi na Jua zina mkono tofauti: karata sita zilichorwa na fundi mwingine baadaye kidogo. Hizo hazinisumbui, kwa kuwa ni za kale na ziko kwenye makumbusho kwa haki yake.

Taroti ya Nicolas Conver wa Marseille inafuata. Mwaka 1760 unaosomeka kwenye karata ulichongwa kwenye vibao vya mbao, na vibao hivyo vilitumika kuchapa kwa miongo mingi. Muuzaji anayetaja mwaka huo bila kusema kachukua nakala gani hajakwambia kitu.

Seti za bei ya chini za Rider, zile zisizo na jina la mchapishaji, ziache.

Kinachoniuma zaidi ni bei. Morgan wameziweka karata zao mtandaoni, yeyote azitazame. Yale vivyo hivyo, na maktaba ya Ufaransa kupitia tovuti yake ya Gallica. Halafu mtu anachukua picha hizo, anazipunguza, anazizungushia ukingo mweupe, anaongeza Shetani wake asiye na jina, na kuziuza kwa bei ya kazi ya fundi. Mnunuzi wa Dar es Salaam au Mombasa analipia na usafirishaji juu yake, na ushuru unaweza kumsubiri, kisha anaambiwa bidhaa hairudishwi. Kama ni picha tu unazitaka kwa ukuta wako, zitazame kwanza huko bure, na hiyo pesa iwekee Sola Busca.