Jumamosi nne za kujifunza insha ya kitaaluma Nyegezi: tathmini ya mwanafunzi

Darasa hili hufanyika katika chumba cha kupanga, hatua chache kutoka barabara inayotoka Nyegezi kwenda Malimbe, jijini Mwanza, na linawalenga wanafunzi wa vyuo wa mwaka wa kwanza na wa pili ambao kazi zao hurudi zikiwa na maneno mekundu "hoja iko wapi?" pembeni. Ada ni shilingi 40,000 kwa Jumamosi nne, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, pamoja na kitini. Nililipa kwa fedha ya bumu, yaani mkopo wa mwanafunzi, kwa hiyo nilihesabu kila saa niliyokaa pale.

Jumamosi ya kwanza peke yake ilinirudishia nusu ya ada. Mwalimu, ambaye ni mhadhiri mstaafu, alitaka kila mmoja alete insha iliyokwisha kusahihishwa chuoni. Yangu ilihusu samaki aitwaye sangara. Niliianza kama tulivyozoezwa tangu sekondari, kwa kueleza kwamba Ziwa Victoria ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, kwamba lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na kwamba limegawanywa kati ya Tanzania, Uganda na Kenya. Mwalimu alikata mistari saba ya mwanzo kwa penseli, bila haraka, akaishia kwenye sentensi niliyoiona kuwa ndiyo hoja yangu: "Sangara ameleta mabadiliko makubwa katika Ziwa Victoria." Akaniuliza, "Nani atakubishia hapo?" Nikakosa jibu. Alieleza kwamba sentensi isiyobishika ni taarifa, na kwamba kurasa sita za taarifa ni desa, yaani notisi za kunakili tu, lililowekewa jalada.

Tulikaa kwenye sentensi ile karibu saa nzima. Jaribio langu la pili, "Sangara ana faida na hasara," lilimchekesha. Alisema hata mvua ina faida na hasara. La tatu ndilo lililopita: biashara ya sangara iliingiza fedha za kigeni, lakini ilimpunguzia mvuvi wa mtumbwi uwezo wa kupanga bei, kwa kuwa samaki anayeoza upesi humfanya muuzaji amfuate mwenye barafu. Hapo mtu anaweza kubisha, na ndipo insha inapoanza. Kutokana na sentensi hiyo aya zilijipanga zenyewe: kupandikizwa kwa sangara ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kuja kwa viwanda vya minofu, suala la barafu na bei, kisha aya ya kumjibu anayedai kwamba kabla ya viwanda mvuvi hakuwa na soko la maana. Aya yangu kuhusu furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, waliotoweka, niliyoipenda kuliko zote, ilibidi niiondoe kwa sababu haikuitumikia hoja. Iliniuma, na bado nimeihifadhi kwenye simu.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya kawaida: sentensi kuu ya aya, ushahidi, ufafanuzi wa ushahidi. Nilichokichukua ni kipimo kimoja, yaani kusoma sentensi za kwanza za aya zote kwa mfululizo na kuona kama zinajenga maelezo yanayofuatana. Zisipofuatana, mpangilio ndio wenye kasoro, na kurekebisha sarufi hakutauponya.

Ya tatu, kuhusu wizi wa kitaaluma, naiona kuwa bora kuliko zote. Wengi wetu tulidhani kwamba ukibadilisha neno moja moja katika sentensi ya mtu umeshaifanya yako. Mwalimu alitusomesha ukurasa mmoja wa Kiingereza, akatuamuru tufunge karatasi, tumweleze jirani kwa Kiswahili tulichokielewa, ndipo tuandike kwa Kiingereza bila kufungua tena. Dada niliyekaa naye alinieleza hoja ya ukurasa ule kana kwamba anamweleza mamake sokoni, na alipoandika, sentensi zilikuwa zake kabisa. Baada ya hapo tulikumbushwa kwamba hata wazo ulilolieleza kwa maneno yako lazima litajiwe mwenyewe na mwaka. Sisi tunaofikiri kwa Kiswahili na kusahihishwa kwa Kiingereza tulihitaji zoezi hili mapema zaidi.

Jumamosi ya nne iliniudhi. Kitini cha marejeleo kinafuata toleo la zamani la APA, mtindo mmojawapo wa kutaja vyanzo katika kazi za kitaaluma. Kinaagiza uandike mji wa mchapishaji, ilhali toleo la saba la mwaka 2019 liliuondoa. Kinaagiza pia kazi ya waandishi watatu hadi watano itajwe kwa majina yote mara ya kwanza, wakati toleo hilo linataka jina la mwandishi wa kwanza na kifupisho cha "na wenzake" tangu mwanzo. Nilikifuata kitini na nikakatwa alama chuoni. Nilipomweleza mratibu, alinijibu kwamba nakala zilikuwa zimeshatolewa nyingi steshenari. Jibu hilo halimfai mtu anayefundisha usahihi.

Tuliahidiwa kuwa watu kumi na watano. Tulikuwa ishirini na sita, na jirani wa chumba ni fundi wa kuchomelea mageti. Kaa mbele, mbali na dirisha la kulia. Nenda na insha yako iliyosahihishwa, kwa maana asiyekuwa nayo hubaki mtazamaji, na kabla ya kulipa omba kuona kitini cha marejeleo. Kikiwa bado ni kile kile, uliza kama unaweza kulipia Jumamosi tatu. Mwanafunzi mmoja wa kundi letu alikubaliwa kwa shilingi 30,000.