Popo wetu wamempeleka Msumbiji: uzoefu wangu na tovuti moja ya ramani za viumbe

Tovuti yenyewe siitaji, walimu wenzangu wa baiolojia wataijua tu, ile yenye ramani ya dunia na vidoto vyekundu, unaandika jina la mnyama inakuonyesha anaishi wapi.

Mie nafundisha huku Pemba. Siku hiyo tulikuwa kwenye uainishaji wa viumbe nikasema leo sichori ubaoni, leo nawawashia projekta waone kitu chao wenyewe, nikaandika Pteropus voeltzkowi, popo wa Pemba, yule mkubwa mwenye sura ya mbweha ambaye dunia nzima hayupo ila kisiwani kwetu. Ukurasa ukazunguka weee, na bando ni langu mwenyewe hilo, ramani ikafunguka. Kidoto kiko Msumbiji! Tena nchi kavu kabisa, Cabo Delgado, kwenye mji unaoitwa Pemba. Darasa zima kicheko. Mmoja wa nyuma akasema mwalimu, popo wetu kahama na wala hakuaga. Nikacheka nao lakini moyoni nawaka.

Na kosa lenyewe ukilitazama ni la kipuuzi mpaka linatia hasira. Sampuli ni ya makumbusho, ya zamani, mahali ilipotoka imeandikwa "Pemba" basi, na kompyuta yao ikaenda kutafuta Pemba ikaokota ya kwanza iliyoiona. Haya, popo huyu kaelezwa kisayansi na Matschie mwaka 1909, na jina akapewa la Voeltzkow, Mjerumani aliyekuwa akikusanya viumbe pande hizi. Mji ule wa Msumbiji miaka hiyo ukiitwa Porto Amélia, jina la Pemba umekuja kulipata wakati wa uhuru wao, 1975. Sasa lebo ya enzi za huyo Mjerumani itautajaje mji kwa jina ambalo haujapewa bado?

Nikawaandikia. Kwa adabu kabisa, salamu, maelezo, miaka yote hiyo nimeiweka. Akanijibu bwana mmoja, sijui ndiye mkaguzi wao, hata salamu hana, eti marekebisho yanapokelewa kutoka kwa "watumiaji waliothibitishwa" na kama nina dai nilete rejea iliyochapishwa. Rejea! Yakhe, popo mwenyewe ananing'inia Kidike, hifadhi ya popo hapa kwetu, mchana kweupe, watalii wanalipa kwenda kumtazama! Miaka ya themanini mwishoni walikuwa karibu kumalizika, watu wakiwala na misitu ikikatwa, mpaka vijiji vikakubali kuwalinda na sasa wako kwa maelfu. Wanakijiji wamefanya kazi yote hiyo halafu mtu kakaa ofisini huko anatuomba vyeti.

Hapo nikataka niwape nyota moja nifunge kazi. Ila nisiwe mwongo, kuna mambo wameyaweka sawa na yamenifurahisha. Kima punju wa msitu wetu wa Ngezi wameandikwa vizuri kwamba waliletwa kutoka Unguja miaka ya 1970, si wenyeji wa Pemba, na kuna watu wazima hapa hapa hawalijui hilo. Ndege wetu wanne pia wapo wote, ninga wa Pemba, chozi, yule mdogo mwenye duara jeupe machoni, na kibundi cha Pemba, tena huyo na sauti yake wameiweka. Niliicheza nyumbani usiku, mama akatoka chumbani mbio akasema zima hicho kitu, wataka kutuitia msiba? Safi sana ile sauti. Nikapandisha zikawa nyota tatu.

Na kwa wanafunzi wanaotaka data za kazi zao, mie sasa nawaambia waende GBIF, hazina ya kimataifa ya data za viumbe mtandaoni, ile iliyoanzishwa 2001 na makao yake Copenhagen, ni bure, unafungua akaunti unashusha faili lako. Nako si peponi, rekodi zinatoka kwa makumbusho na watu wa kila aina, lakini angalau rekodi ikiwa na mushkeli wa eneo inawekewa alama, na unaona imetoka taasisi gani, kwa hiyo unajua pa kulalamika. Sio kama hawa kidoto kinakutazama tu hakina baba wala mama.

Basi juzi juzi nikarudi kuangalia, nikijisemea labda wamerekebisha. Na kweli, kidoto cha Msumbiji hakipo! Asante hawakuniambia, lakini haya, popo karudi kwao, nikawa nakaribia kuwapa nne. Nikaivuta ramani ikawa ndogo nione vizuri. Hakuna kitu Pemba. Nikapandisha juu, juu, juu, napita Kenya yote... kidoto kiko Ethiopia, kusini huko karibu na Negele Borana! Kumbe aliyerekebisha kaandika latitudo tano akasahau kuweka alama ya kutoa mbele yake, kwa hiyo badala ya nyuzi tano kusini ya ikweta wamempandisha nyuzi tano kaskazini. Longitudo iko sawa kabisa, thelathini na tisa na ushei, ndiyo maana kanyooka wima namna ile kama lifti. Popo wa visiwani, mla maembe na mashelisheli, kaenda kupigwa jua kwa wafuga ngamia.

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya kibundi.

Yule bwana wa rejea nimemwandikia tena, safari hii Kiswahili kitupu kuanzia salamu mpaka wassalaam. Atafute wa kumsomea.