Uraia wa Marekani kwa ndoa: miaka 3 au 5?

Ukiwa na mwenzi raia, unaweza kuomba uraia baada ya miaka 3 ya grinikadi (kibali cha ukaazi wa kudumu). Wengine husubiri 5. Mtihani ni uleule. Usaili ndio unaotofautiana.

Kwa miaka 3, ndoa yenyewe inapimwa: mwenzi awe raia muda wote huo, nanyi muwe mnaishi pamoja. Beba mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, taarifa za akaunti ya pamoja, nakala za kodi ya mapato. Talaka ikitoka kabla ya kiapo cha uraia, ombi linaanguka.

Kwa miaka 5, hata aliyeachika anaomba, ingawa ofisa bado anaweza kuuliza grinikadi ilipatikanaje. Kama karatasi zenu za pamoja ni chache, mimi ningesubiri.