Riwaya Tatu za Willa Cather: Uzoefu Wangu, na Toleo Ninaloshauri Ununue

Nimesoma riwaya tatu za Willa Cather, mwandishi wa Marekani, ambazo hutajwa zaidi kila anapozungumziwa, yaani *O Pioneers!* ya mwaka 1913, *My Ántonia* ya 1918 na *Death Comes for the Archbishop* ya 1927, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya msomaji anayejiuliza aanzie wapi na anunue chapa ipi. Kwanza kabisa, ingawa ni hadithi za Magharibi ya Marekani, asitafute humo mapigano ya bastola wala wezi wa ng'ombe. Cather alizaliwa Virginia mwaka 1873, wazazi wake wakahamia naye Nebraska akiwa na umri wa miaka tisa, na aliowaona huko ni wakulima kutoka Sweden, Norway na Bohemia (leo sehemu ya Jamhuri ya Czech) wakihangaika na nyika ambayo haikuwahi kuguswa na plau. Sheria ya Marekani ya mwaka 1862 ya kugawa ardhi (Homestead Act) ilimpa mlowezi ekari 160 kwa sharti la kuishi hapo na kulima kwa miaka mitano. Riwaya mbili za kwanza zinaonyesha ekari hizo ziliwagharimu nini waliozichukua.

Ningeshauri kuanza na *O Pioneers!*, kwa kuwa ni fupi na haizungukizunguki. John Bergson, mhamiaji kutoka Sweden, anafariki akiwa na miaka 46, baada ya kutumia miaka mitano akizama katika madeni na mingine sita akijinasua, na usimamizi wa shamba anamwachia binti yake wa pekee, Alexandra, badala ya wanawe. Ukame unapowafukuza majirani, Alexandra anawashawishi wadogo zake waweke shamba rehani ili wanunue ardhi zaidi. Sura iliyonikaa kuliko zote inakuja miaka mingi baadaye, Alexandra akiwa tajiri na akifikiria kuolewa na rafiki wa utotoni asiye na mali: wadogo zake Lou na Oscar wanamjia na kumweleza kwamba mali ya familia ni ya wanaume, kwa sababu wao ndio wanaobeba dhamana. Cather hawageuzi kuwa mashetani. Anawaacha waseme, na kadiri wanavyosema ndivyo wanavyozidi kujiumbua.

Hata hivyo nina lalamiko. Kati ya sehemu ya kwanza na ya pili inaruka miaka mingi, hadi miaka 16 baada ya kifo cha John Bergson, na msomaji anayefungua ukurasa anakuta nyika imekwisha kuwa mashamba ya ngano na mahindi, na nyaya za simu zikivuma kando ya barabara. Kazi yenyewe ya kuifuga ardhi, ambayo ndiyo niliyoifuata, imefanyika msomaji akiwa hayupo. Mauaji yanayotokea chini ya mforsadi karibu na mwisho sitayaeleza, ila nitasema kwamba Alexandra anamhurumia muuaji kwa namna iliyonikera nilipoisoma, na inayonikera mpaka leo.

*My Ántonia* ni kitabu kikubwa zaidi kwa kila kipimo. Msimulizi, Jim Burden, ni yatima wa miaka kumi anayefika Nebraska kwa treni ileile inayowaleta akina Shimerda kutoka Bohemia, ambao wameuziwa shamba kwa bei ya kulanguliwa na mtu wa nchi yao wenyewe na wanaishi katika shimo lililochimbwa ubavuni mwa mteremko. Baba wa familia hiyo, mpiga fidla, anajiua katikati ya majira ya baridi. Makaburi ya kanisa la Wanorwe yanamkataa, naye anazikwa kwenye kona ya shamba lake, mahali ambapo barabara mbili zitakuja kukutana. Zinapochongwa, zinapinda kidogo na kulikwepa kaburi. Atakayesubiri kisa kimoja chenye mwanzo na kilele atachoka, kwa sababu kitabu kinakwenda kwa kumbukumbu, na Ántonia mwenyewe anatoweka kwa kurasa nyingi wakati Jim yuko chuoni.

Kuhusu chapa, kuweni waangalifu. Nakala niliyoinunua kwanza ilikuwa ya bei nafuu na haikuwa na mchoro hata mmoja, ilhali toleo la 1918 lilikuwa na michoro minane ya wino ya W. T. Benda, ambayo Cather mwenyewe aliisimamia kwa ukali. Pia aliufupisha utangulizi kwa ajili ya toleo la 1926, kwa hiyo angalieni mnasoma upi; mimi napendelea ule mfupi. Asiye na fedha anaweza kupakua maandishi bure kutoka Project Gutenberg, maktaba ya vitabu ya mtandaoni.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawaliandiki nyuma ya jalada. Mpiga piano Mweusi katika *My Ántonia* ameelezwa kwa lugha ya ubaguzi, na hakuna namna ya kuipamba. Wapawnee, waliokuwa wenyeji wa sehemu kubwa ya Nebraska, walihamishiwa kusini katika miaka ya 1870, nao katika kitabu wamebaki kuwa duara hafifu kwenye majani ambamo, inasemekana, Wahindi (yaani wenyeji wa Amerika) walikuwa wakikimbiza farasi. Vibarua wanadai mateka waliteswa hapo; babu yake Jim anadhani yalikuwa mashindano tu, na mazungumzo yanaishia hapo.

Ndiyo maana naiweka *Death Comes for the Archbishop* mwisho. Inawafuata mapadri wawili wa Kifaransa huko New Mexico kuanzia miaka ya 1850, na msingi wake ni maisha ya Askofu Mkuu Jean-Baptiste Lamy wa Santa Fe. Humo wenyeji wana sauti: kiongozi wa Wanavajo anamwendea askofu kumwomba awatetee watu wake waliofukuzwa na kupelekwa Bosque Redondo, kambi ya kuwazuilia wenyeji huko New Mexico, naye askofu anakiri kwamba hana uwezo huo. Mwendo wake ni wa taratibu mno, na sura kadhaa zinasimama peke yake kama hadithi fupi.

*One of Ours*, iliyompatia Tuzo ya Pulitzer mwaka 1923, isiwe ya kwanza kununuliwa kwa sababu tu ya tuzo hiyo. Nusu yake ya shambani Nebraska ni nzuri, lakini ile ya vita Ufaransa niliimaliza kwa kujilazimisha.