Mark II yangu, kona za Nyang'oro na bushi za elfu kumi na tano

Tulikuwa tunarudi Dodoma kutoka Iringa, tunashuka Nyang'oro. Kwenye kona ya kulia, spidi haijafika hata 60, nikaona lori limesimama mbele nikaachia mafuta ghafla. Mkia wa gari ukataka kunipita. Matairi hayakulia wala nini, ila nyuma kuliogelea, kukarudi kwenyewe, na usukani nikaurekebisha mara mbili kwa kona moja. Mama watoto hakusema neno mpaka Mtera, akaomba tusimame anunue samaki. Alipomaliza kulipa ndipo akaniambia: "Baba watoto, hili si ndilo gari ulilosema umelitengeneza?"

Na kweli nilikuwa nimelitengeneza. Wiki tatu tu kabla ya safari ile.

Gari ni Toyota Mark II Grande, GX110 ya 2002, injini 1G-FE ya cc 1988, silinda sita. Wenye nazo wanajua utamu wake: tulivu, haina haraka, na inasukumwa na matairi ya nyuma, kwa hiyo ya mbele yanabaki na kazi ya kukata kona na sehemu kubwa ya breki. Lakini imeshatembea miaka ishirini na ushee, mingi ikiwa Japani, na mitano ya mwisho ikiwa kwangu, kwenye jua na matuta ya Dodoma. Ilianza kuyumba kidogo kwenye upepo wa njia ya Kibaigwa, nikajitibu kama tunavyojitibu wengi: nikaenda dukani kabla ya kwenda kwa fundi.

Nilinunua shokapu nne mpya za Kayaba, 640,000 zote. Sina neno nazo, ni shokapu nzuri na hadi leo zimo. Kosa langu lilikuwa springi fupi za mtumba, laki moja na themanini, kwa sababu kijana mmoja aliniambia gari likishuka chini linashika kona. Hakunidanganya moja kwa moja, gari lililo chini halilali sana kwenye kona. Ila shokapu zangu ni za urefu wa kawaida. Ukiweka springi fupi juu yake, gari muda wote linakaa karibu na ile mipira ya kugotea. Ukipiga kona yenye lami laini kama kioo, raha. Ukikuta kiraka katikati ya kona, shokapu inagota, tairi linaruka, na tairi lililo hewani halishiki lami. Kwenye rasta za vijijini ndiyo usiseme, tulikuwa tunaongea kwa kutetemeka kama redio mbovu. Na tuta moja la pale Chamwino lilinichubulia bomba la moshi.

Gereji ya kwanza ilinifungia vyote hivyo siku moja, pamoja na bushi mpya, ile mipira ya kwenye maungio, za ami za chini za mbele, yaani mikono inayoshika matairi. Haraka haraka, gari juu ya jeki, matairi yananing'inia, spana ikapiga kwiii, nikalipa nikaondoka. Sikujua kuwa hapo hapo ndipo bushi zangu mpya zilipoanza kufa.

Baada ya samaki wa Mtera nikaelekezwa kwa mzee mmoja upande wa Kizota. Nikamwamkia shikamoo, yeye akanijibu kwa Kigogo, "Mbukwa!" na kuniuliza kama nimekunywa chai. Sikumweleza tatizo nikamaliza. Alinikatiza akasema twende tukatembee nalo. Alikaa kiti cha abiria, mkono mmoja kwenye dashibodi, akaniambia niendeshe 40, nikanyage mafuta, niachie, nikanyage, niachie. Tukarudi. Akalipandisha juu ya shimo, akachukua mtaimbo.

"Shuka uone mwenyewe, mwanangu. Usije ukasema mzee kanila hela."

Nikashuka. Alichomeka mtaimbo kati ya fremu na ule mkono mwembamba wa nyuma unaoshika mwelekeo wa tairi, akabinya kidogo tu. Mkono wote ukahama karibu nusu sentimita. Mpira wa bushi ulikuwa umepasuka pasuka kama kisigino cha mtu wa Dodoma mwezi wa nane, kipande kimoja kikadondoka chenyewe kikiwa kigumu kama ganda la ubuyu. Upande wa pili hivyo hivyo.

Akanieleza, na hapa ndipo nilipoona hela yangu ilikopotelea. Ukikanyaga mafuta, tairi la nyuma linasukuma gari, kwa hiyo linavuta mikono yake kwenda mbele. Ukiachia, nguvu inageuka, linarudi nyuma. Bushi nzima inazuia mchezo huo. Bushi ikifa, kila unapokanyaga na kuachia, tairi linabadilisha mwelekeo. Ukiwa kwenye mteremko ni mbaya zaidi, kwa sababu uzito umehamia mbele na nyuma kumekuwa kwepesi. Yaani gari langu lilikuwa na usukani wa pili huko nyuma, ila hakuna aliyeushika. Shokapu mpya haziwezi kutibu hilo, hata ungefunga za milioni.

Kisha akanionyesha zile za mbele, bushi za wiki tatu. Zilishaanza kuchanika.

"Walikazia gari likiwa juu?"

"Ndiyo, mzee. Kwenye jeki."

Akatikisa kichwa. Bushi ya mpira haizunguki, inajipinda. Ukiikaza matairi yakiwa yananing'inia, pale ndipo inapohesabu kuwa sifuri yake. Ukishusha gari chini inakuwa imeshapindwa kabla hata hujawasha injini, na inakaa hivyo mchana na usiku. Inatakiwa boliti zishikwe tu, gari lishushwe lisimame kwa uzito wake, ndipo zikazwe. Kwa nini hawafanyi? Kwa sababu inabidi uingie chini ya gari likiwa limekaa chini, na hiyo inataka shimo na uvumilivu.

Tulibadilisha bushi kumi kwa jumla, mbele na nyuma, elfu kumi na tano kila moja ukichanganya, na linki mbili za stabilaiza, kile chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona. Springi fupi zikatoka, za zamani zikarudi. Nilimuuliza kuhusu bushi ngumu za plastiki ambazo vijana wa Altezza wanazisifu. Akasema zinashika vizuri, ila kwa vumbi letu, bila kupakwa grisi kila mara, zitakuwa zinalia kama kitanda cha hoteli ya stendi. Nikabaki na mpira.

Ufundi ulikuwa 80,000 na ulichukua siku mbili, ya pili yote ikaishia kwenye boliti moja. Ile ya kurekebishia tairi la nyuma kushoto ilikuwa imeganda kwa kutu, bila shaka kutu ya Japani, kule kwenye theluji wanamwaga chumvi barabarani. Ilikatwa kwa gurainda.

Halafu wili alaimenti, yaani kupima na kunyoosha mwelekeo wa matairi. Hapa nina malalamiko kidogo. Sehemu ya kwanza niliyopeleka walipima mbele tu, wakataka elfu ishirini na tano, wakaniambia "nyuma haina kitu". Kwa gari ambalo nyuma nako kunarekebishwa kama hili, nyuma ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu nyuma ndiyo inayoamua gari linaelekea wapi, mbele inafuata. Nikaondoka. Sehemu ya pili walikuwa na mashine ya kamera, 40,000, wakanipa karatasi. Kabla ya marekebisho tairi la nyuma kushoto lilikuwa limefunguka nje kama mguu wa bata. Matairi ya nyuma yanatakiwa yabane ndani kidogo, kidogo sana, gari litulie. Yakifunguka nje, mkia unatafuta njia yake. Omba hiyo karatasi, ya kabla na ya baada. Asiyekupa, muulize alichopima.

Matairi nilibadilisha mawili tu. Yale ya nyuma yalikuwa na kashata nzuri kwa macho, lakini tarakimu nne za mwisho ubavuni zilisomeka 1413, wiki ya 14 ya mwaka 2013. Mpira mgumu kama soli ya katambuga. Upepo nafuata kibandiko cha mlango wa dereva, napima asubuhi kabla gari halijatembea. Zamani nilikuwa najaza mpaka kijana wa pancha aseme "tayari bosi".

Mvua ya kwanza ya Desemba ilinikuta natoka Mtumba. Lami ikiwa na vumbi la miezi saba juu yake inateleza kuliko sabuni. Kwenye kipilefti niliachia mafuta makusudi, spidi ndogo, hakuna mtu nyuma. Nyuma kukatulia. Pua ndiyo iliyotaka kwenda nje kidogo, na hilo nalikubali, naliona linakuja. Mwezi uliopita tumekwenda Kondoa, zile kona za kupanda Kolo, mama watoto akalala.

Kuna mlio umebaki mbele kulia nikipita kwenye mashimo taratibu, tik, tik. Mzee anasema ni bolijointi ya juu, kile kiungo cha duara kinachoruhusu tairi kugeuka. Ijumaa nampelekea, na safari hii sijapita dukani kwanza.